Springi za Gerezani na Barabara za Vijijini

Mvua za masika zinapokaribia, karakana za Gerezani, ubavuni mwa soko la Kariakoo, hupata wateja wa namna moja. Malori huingia kinyumenyume vichochoroni, huinuliwa kwa jeki na kuegemezwa juu ya magogo, matairi ya nyuma yakafunguliwa, na springi zake, yale mabapa marefu ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine kama madaftari juu ya meza ya mwalimu, zikalazwa chini. Fundi huyagonga mabapa kwa nyundo akisikiliza mlio wake, huyatupa kando yaliyochoka, kisha huongeza mawili au matatu mengine ambayo hayakuwapo gari lilipotoka kiwandani. Wengine huweka kigongo cha chuma baina ya springi na ekseli. Jioni lori linateremshwa likiwa limesimama juu zaidi kuliko lilivyoingia, na utingo, ambaye asubuhi alipanda kwa hatua moja, sasa hana budi kushika mlango na kujivuta.

Mwenye gari huondoka ameridhika. Anakwenda kuchukua mpunga Kilombero, au ufuta Lindi, au viazi katika milima ya Njombe, na amekwisha jiwekea imani kwamba tope la mwaka huu halitamzuia. Jambo hili huonekana kuwa ni la fundi na mteja wake tu, wala halimhusu mtumishi aliye ofisini au mwalimu aliye darasani. Lakini ni nani asiyejua kwamba mwalimu anayehamishiwa shule ya kijijini, pamoja na godoro lake, vyombo vyake na watoto wake, mara nyingi hufika huko juu ya lori la namna hiyo? Na ni ofisi gani ya wilaya ambayo haijapata kuidhinisha malipo ya kuongeza springi za gari lake? Yafaa basi jambo lenyewe litazamwe kwa makini: gari linapoinuliwa, ni kitu gani hasa kinachoinuka, na ni kitu gani kinachobaki pale pale?

Haifai kuanza kwa kumlaumu fundi. Ujuzi wake una historia, na historia hiyo ni ya heshima. Novemba 1965, serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru, Zambia ilijikuta njia yake ya kusini imo mikononi mwa watu wasioitakia mema. Mafuta na bidhaa zake nyingi zikaanza kupita Bandari ya Dar es Salaam, na shaba yake ikaja baharini kwa njia hiyo hiyo. Barabara ya kutoka Morogoro kupita Iringa na Mbeya hadi Tunduma ilikuwa wakati huo kwa sehemu kubwa ni ya udongo na changarawe. Wageni walioiendesha waliibandika jina la Njia ya Jehanamu, na hawakutia chumvi. Wakati wa kiangazi vumbi lilifunika taa za gari la mbele. Wakati wa mvua malori yaliteleza na kulala makorongoni. Mwaka 1966 kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services iliundwa ili kuibeba kazi hiyo. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia mwaka 1970, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Kabla ya hayo yote kukamilika, lori na dereva wake ndio walioibeba nchi jirani mgongoni. Katika miaka hiyo mafundi wengi walijifunza nini huvunjika kwanza, na kwa nini.

Ujuzi huo ulipata mtihani wa pili baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipoadimika na vipuri vikawa kama dhahabu. Lori lililovunjika springi moja liliweza kulala miezi likisubiri kibali cha kuagiza kipuri. Fundi aliyeweza kulichukua bapa la gari lililokufa, akalipasha moto, akalikunja upya na kulifunga katika gari lililo hai, alikuwa ameokoa magunia ya chakula yasiozee ghalani. Hapana shaka kwamba pasipo watu wa aina hiyo miji mingi ingalilala njaa. Mtu anayewacheka mafundi wa uchochoroni kwa sababu hawana vyeti hajui deni alilo nalo kwao.

Lakini kuheshimu ujuzi hakuzuii kuuhoji, na hapa pana maswali.

Swali la kwanza ni la kipimo. Katika lori la kawaida, sehemu iliyo karibu zaidi na ardhi ni difu, lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Difu limefungwa pamoja na ekseli, na ekseli iko chini ya springi. Fundi akiongeza mabapa, au akiweka kigongo, kinachopanda ni chesisi, kitanda cha mizigo na chumba cha dereva. Difu halipandi hata nukta moja, kwa sababu urefu wake kutoka ardhini hutegemea ukubwa wa tairi peke yake. Lori lililoinuliwa sentimita 15 kwa springi litakwama juu ya tuta lile lile la katikati ya barabara ambalo lilikwama mwaka jana, ila safari hii litakwama likiwa refu zaidi. Atakaye kuliinua difu hana budi kufunga tairi kubwa zaidi, na hata hapo atapata nusu tu ya kile kilichoongezeka katika kipenyo cha tairi: tairi lililozidi kipenyo kwa sentimita 10 hulipandisha difu sentimita 5.

Je, kuinua springi basi hakuna faida yoyote? Ipo, na ni haki kuitaja. Gari lililoinuliwa huingia korongoni bila ya bampa kuchimba ukingo, na hutoka bila ya mkia kuburuta. Tangi la mafuta na bomba la moshi huepuka mawe. Tena hupatikana nafasi ya tairi kubwa kucheza bila kusugua. Hizi ni faida za kweli kwa gari linalovuka mito mikavu ya Dodoma au makorongo ya Simanjiro. Taabu ni kwamba mteja wa Gerezani aghalabu hakuja na tatizo la bampa. Amekuja na tatizo la difu na tope, akauziwa dawa ya bampa.

Kuna jambo jingine ambalo dereva mzoefu hulijua, hata kama halielezi kwa maneno ya kitabuni. Gari hutembea katika ardhi mbaya kwa kuwa kila gurudumu linaweza kushuka kulifuata shimo na kupanda kulifuata jiwe, ili matairi yote yabaki yanaikanyaga ardhi. Springi iliyoongezwa mabapa inakuwa ngumu. Gari likiwa tupu, springi hiyo haipindi. Gurudumu moja likiingia shimoni jingine linaning'inia hewani, na gurudumu linaloning'inia huzunguka bure wakati lenzake limesimama. Hivyo gari lililopandishwa kwa kukazwa springi linaweza kuwa na sura ya gari la porini huku likiwa limepoteza miguu ya porini. Land Rover za zamani, ambazo mabwana shamba na waganga wa wilaya walizitegemea kwa miongo mingi, hazikuwa refu ajabu. Zilikuwa na nguvu katika magurudumu yote manne, gia za kupunguza mwendo, na uzito mdogo.

Swali la pili ni la kupinduka, na walimu wa hisabati wanaweza kulipeleka ubaoni kesho asubuhi. Chukua lori ambalo umbali baina ya matairi yake ya kushoto na ya kulia ni meta 1.8, na kitovu cha uzito wake kiko meta 1.2 kutoka ardhini. Nusu ya upana ni meta 0.9, ukigawanya kwa 1.2 unapata 0.75, ambayo ni tanjenti ya pembe ya digrii 37 hivi. Hiyo ndiyo pembe ambayo gari hilo, likiwa limesimama kwenye mlalo wa ubavuni, litaanza kuanguka. Sasa liinue sentimita 15. Kitovu kinafika meta 1.35 na pembe inashuka hadi digrii 34. Kisha pakia magunia hadi juu ya ubao, jambo ambalo ndilo hasa lori limenunuliwa kulifanya, na kitovu kikifika meta 1.6 pembe inabaki digrii 29. Na hesabu hiyo ni ya gari lisilolegea, lililosimama juu ya sakafu. Springi hulala upande mmoja, tairi hubonyea, tope hudidimia, magunia husogea. Katika kona za Kitonga, pale barabara inapojikunja ukingoni mwa mlima, dereva hana digrii za kupoteza.

Ziko na athari nyingine, ndogo zikitazamwe moja moja. Chesisi ikipanda, propela shafti inayotoa nguvu ya injini na kuipeleka nyuma hulala kwa pembe kali zaidi, na viungio vyake huisha upesi. Ekseli ya mbele ikigeuka kidogo usukani hupoteza tabia yake ya kujirudi wenyewe, na dereva hulazimika kulishika gari lisitangetange barabarani. Malori na pikapu nyingi zina vali iliyounganishwa baina ya chesisi na ekseli ili kupima uzito wa mzigo. Umbali huo ukiwa mdogo vali hujua kwamba gari limejaa na huongeza nguvu ya breki za nyuma, ukiwa mkubwa huhesabu kwamba gari ni tupu na kuipunguza. Gari likiinuliwa bila vali hiyo kurekebishwa, breki zitalidhani ni tupu hata likiwa na tani za mahindi mgongoni. Hili ni kosa lisiloonekana gereji wala barabarani, mpaka siku ya mteremko.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni la mzigo. Mwenye lori akisikia springi zimeongezwa, husikia kwamba uwezo wa gari umeongezwa. Ni kosa linaloeleweka: jana gari lilibonyea kwa tani saba, leo limebeba tisa na bado limesimama wima. Lakini uzito ambao gari linaweza kuubeba salama haukuwekwa na springi peke yake. Uliwekwa pia na ekseli, beringi, matairi, chesisi na breki, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoongezwa pale Gerezani. Springi ngumu imemwondolea dereva ile dalili ya macho iliyokuwa ikimwonya, yaani gari kulala chini.

Kwa barabara kuu ipo mizani. Msafiri wa Morogoro huiona Vigwaza, malori yamepanga foleni. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, uzito wa jumla wa gari na mzigo wake hauruhusiwi kuzidi tani 56, na kila ekseli imewekewa kikomo chake. Wapo wanaodhani kwamba vikomo hivyo ni njia ya kuwatafuta watu faini. Oktoba 2013, Serikali ilipotaka kuiondoa nafuu ya asilimia 5 iliyokuwa ikitolewa kwenye mizani, wenye malori waliyasimamisha magari yao, na nafuu ikarudishwa. Sababu ya vikomo ni ya kihandisi. Katika miaka ya 1958 hadi 1960, Wamarekani walijenga barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, wakayazungusha malori juu yake mchana na usiku, kisha wakapima uharibifu. Waligundua kwamba uharibifu haukui sambamba na uzito. Hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli iliyotakiwa kubeba tani 10 ikibeba 12, uharibifu unazidi mara mbili. Ikibeba 15, unafika mara tano. Mwenye gari amepata faida ya nusu shehena. Barabara ya umma imelipa maisha ya malori matano.

Hiyo ni barabara ya lami, iliyojengwa kwa tabaka juu ya tabaka. Huko vijijini, mizani haipo, na barabara ni udongo uliokwanguliwa na greda. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017, una mtandao unaozidi kilometa 100,000, na sehemu iliyo kubwa zaidi ya mtandao huo si ya lami. Juu ya udongo mweusi wa mbuga, mvua ikiisha kunyesha, lori moja lililozidishiwa mzigo huchimba mifereji miwili mirefu, na tuta la katikati huinuka. Maji hayatoki tena pembeni. Hutembea ndani ya mifereji kama mto. Lori la pili huchimba zaidi. Mwisho wa msimu tuta la katikati limekuwa juu kuliko difu la gari lolote la kawaida, na mwenye lori, akiona hivyo, hurudi Gerezani mwaka unaofuata kuomba mabapa mengine. Springi zilizoongezwa ili kuishinda barabara mbovu zimekuwa ndizo zinazoiharibu barabara. Gari dogo la wagonjwa la kituo cha afya, ambalo halikuinuliwa na halina mzigo, ndilo linalobaki limekwama juu ya tuta hilo na mama mjamzito ndani yake.

Wapo watakaosema, na wana haki ya kusema, kwamba haya ni maneno ya watu wa mjini. Mkulima wa nyanya hawezi kusubiri greda. Nyanya zina siku zake, zikipita, zimepita. Lori refu lililozidi mzigo na likafika Kariakoo ni bora kuliko lori halali lililobaki nyumbani. Hoja hii isipuuzwe, na jina lenyewe la Kariakoo linaipa nguvu. Jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, kikosi ambacho baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916 kilikuwa na kambi yake mahali hapo. Magari ya wakati ule yalizama katika tope la Rufiji wakati wa mvua kubwa za mwaka 1917, ng'ombe na punda walikufa kwa mbung'o, na shehena ikawekwa vichwani mwa watu. Wapagazi hao wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu katika kampeni hiyo ya Afrika Mashariki, wengi kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi. Gari lisipopita, binadamu ndiye hubeba. Mtu anayekumbuka hilo hawezi kumwambia mkulima aliyeko ng'ambo ya mto atulie mpaka wataalamu wamalize vikao.

Lakini hoja hiyo hiyo ikifuatwa hadi mwisho inampeleka msomaji mahali pengine. Barabara ya Kusini, kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, kwa miaka mingi ilikuwa shule ya malori yaliyoinuliwa. Abiria walilala njiani kwa siku kadhaa wakati wa masika, na Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni ya Ndundu. Springi hazikuimaliza taabu hiyo. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, lilimaliza habari ya pantoni, na lami ya kilometa 60 kati ya Ndundu na Somanga, ambayo ilichelewa hadi kuwachosha watu wa Kusini, ilimaliza habari ya tope. Magari yanayokwenda Mtwara leo ni ya kimo cha kawaida. Na Mei 2024, Kimbunga Hidaya na mvua zake zilipoikata barabara hiyo eneo la Somanga, malori marefu na mafupi yalisimama foleni moja. Mahali penye shimo badala ya daraja, kimo cha gari hakiulizwi.

Hata mjini penyewe tabia hii imekwisha ingia. Magari madogo ya abiria huwekewa vipande vya mpira au chuma juu ya shokapu ili yainuke sentimita tatu au tano, na mwenye gari huyaona ni tayari kwa mafuriko ya Jangwani. Jangwani iko hatua chache kutoka Kariakoo, na kila mvua kubwa inaponyesha Mto Msimbazi huidai njia yake, Barabara ya Morogoro ikafungwa na karakana ya mabasi yaendayo haraka ikajaa maji. Maji yanayokwenda kasi yakifika kina cha sentimita 60 huweza kuyachukua magari mengi, na sentimita tano za mpira hazimwombei mtu radhi kwa mto. Mradi wa Bonde la Msimbazi, wenye daraja jipya la Jangwani ndani yake, ndio unaolingana na ukubwa wa tatizo. Mpira wa juu ya shokapu ni wa kumpa mwenye gari ujasiri, na ujasiri mbele ya maji umekwisha ua watu wengi.

Na lori lililoinuliwa kwa ajili ya Ifakara haliishii Ifakara. Hurudi na mzigo wake, likaingia Msimbazi, Lumumba na Uhuru, katika mitaa ambayo wachukuzi wa mikokoteni, mama lishe, wanunuzi na wanafunzi waliovaa sare hugombea nafasi moja. Dereva aliyeinuliwa haoni kilicho karibu na bampa lake. Mtoto wa darasa la kwanza anayepita mbele ya lori lililosimama hupotea kabisa machoni pake, na kadiri kiti kinavyopanda ndivyo eneo hilo la giza linavyorefuka mbele ya gari. Taa zilizopangwa kiwandani ziangaze lami sasa huangaza nyuso za watu. Bampa la nyuma lililopanda hupita juu ya boneti ya gari dogo na kufika kwenye kioo. Mambo haya mteja hakuyafikiria alipokuwa akijadiliana bei, na fundi hakuulizwa.

Kupiga marufuku hakutasaidia. Amri ya namna hiyo itaihamisha kazi kutoka Gerezani mchana na kuipeleka kwingine usiku. Yanayoweza kufanyika ni ya kawaida zaidi. Dereva wa masika apunguze mzigo, hata kama ni kwa kufanya safari mbili. Lori lenye nusu shehena huvuka tope ambalo lori refu lililojaa halivuki. Apunguze upepo wa matairi anapoingia kwenye mchanga au tope laini, kwa mwendo mdogo, na aujaze tena anapofika lami. Hili halina gharama ila pampu, na hufanya kazi kuliko mabapa matatu. Anayenunua gari kwa kazi ya porini alinunue lililotengenezwa kwa kazi hiyo, lenye nguvu katika magurudumu yote na kifungio cha difu. Mafundi wa Gerezani, ambao VETA ina utaratibu wa kuutambua na kuurasimisha ujuzi wao, wafundishwe habari ya vali ya breki na pembe ya propela shafti, kwa kuwa mikono yao tayari inajua kazi iliyo ngumu zaidi. Na TARURA, kabla ya kuota kilometa nyingi za lami, izibue mitaro na kuweka makalavati katika yale maeneo machache mabaya ambayo kila kijiji kinayajua kwa majina. Barabara ya udongo yenye mtaro mzuri hupitika. Barabara ya udongo isiyo na mtaro ni mto unaosubiri mvua.

Ofisi za umma zina nafasi ya pekee hapa, kwa sababu magari yake hununuliwa kwa fedha za wananchi na hubeba watumishi ambao hawakuchagua kupanda. Matengenezo ya magari ya Serikali yamo chini ya uangalizi wa TEMESA, lakini maneno yanayoandikwa katika hati mara nyingi ni mafupi mno: kuongeza springi, seti moja, nyuma. Mkuu wa shule anayeazimwa lori kuwapeleka wanafunzi kwenye michezo, au afisa usafirishaji anayeletewa hati kama hiyo kabla ya masika, ana maswali manne ya kuuliza kabla ya kutia saini. Gari hilo lilikwama wapi, na ni difu au bampa lililokwama? Mzigo wake wa kawaida ni kilo ngapi, na uzito wa jumla ulioandikwa kwenye kadi yake ni kilo ngapi? Vali ya breki na taa zitarekebishwa na nani? Na siku litakapotoka gereji, nani atalijaribu breki likiwa limebeba mzigo, kabla ya watu kupanda?